Denjamaini Ilizaliwa Shambani Kwetu

Juzi asubuhi nilikuwa natwanga sombe nyuma ya nyumba, redio ikiongea peke yake dirishani, mara kijana mmoja mtangazaji akaanza kueleza asili ya maneno tunayoyasema kila siku hapa Bunia. Nilimsikiliza kwa furaha mpaka alipofika kwenye neno denjamaini. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhakikisha, kwamba neno hilo lilitoka kwa wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Mambasa. Eti mashimo yao hubomoka, na Wazungu waliopita huko waliandika kwa Kiingereza kwamba mgodi ni hatari, wachimbaji wakalichukua neno wakaja nalo mjini. Nilisimamisha mchi. Harufu ya sombe ilikuwa imenijaa puani, ile harufu mbichi ya majani ya muhogo yaliyopondwa ambayo kwangu mimi ni harufu ya shamba la mama, nami nikasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kunisikia: "Muongo huyu."

Kwa wale ambao hawajakaa kwetu, nieleze. Hapa Bunia mtu akikalia kitu kisicho chake, kisha akakutisha ili usikisogelee, tunasema amefanya denjamaini. Mama wa sokoni Nyakasanza anayesogeza meza yake mpaka nafasi ya mwenzake, kisha anasema pale palionekana nyoka, huyo amefanya denjamaini. Kijana anayewaambia wenzake kwamba msichana fulani ana roho mbaya, kumbe anamtaka yeye mwenyewe, naye ni denjamaini. Watoto wanalisema, mapadri wamelisema kwenye mahubiri, vijana wa pikipiki wanalisema kila siku wakigombea abiria. Na sasa mtangazaji wa redio amelifanyia denjamaini neno lenyewe.

Basi nasema hapa, mbele ya wenzangu wa rika langu mnaokumbuka miaka ile ya kukimbia na kurudi: neno hilo halikutoka migodini. Lilitoka kinywani mwangu. Nilikuwa mtoto wa kutumwa chumvi, na sikujua nimesema nini.

Tulivuka ziwa kutoka Tchomia kwenda Uganda nikiwa bado nabebwa mgongoni, na tukarudi kwa njia ileile nikiwa najua kusoma. Katikati ya hapo ni kambi. Baba alifia huko kwa ugonjwa wa kifua, na sura yake ninayo kama picha iliyolowa maji: naona mabega, naona kofia, uso sioni. Mama alibaki na mimi tu. Kwao ni Mahagi, na alikuwa na ile tabia ya watu wa kwao ya kutopandisha sauti anapokasirika. Kadiri hasira ilivyopanda, ndivyo sauti ilivyoshuka, na akifika mahali pa kunong'ona, mimi nilitafuta njia ya kutoka nje.

Shule ya kambini ilikuwa turubai juu ya miti, na lugha yake Kiingereza. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mwembamba wa Uganda ambaye alitufundisha kwa vitu, kwa sababu vitabu havikuwapo. Siku moja alituambia kila mtoto aje na kitu kilicho chake, asimame mbele, akionyeshe, aguse kifua na kusema: "This is mine." Yaani, hiki ni changu. Lilikuwa somo gumu kuliko alivyofikiri, maana wengi wetu hatukuwa na kitu. Mtoto mmoja alishika kaptula aliyoivaa. Mwingine alikuja na mdogo wake, akamsimamisha kando yake kama mbuzi wa mnada. Mimi nilileta kikombe cha plastiki cha kijani. Nikagusa kifua, nikasema "main", na mwalimu akapiga makofi. Tangu siku ile neno hilo kwangu lilikuwa neno la kifuani. Halikuwa na maana nyingine, na sikudhani lingeweza kuwa nayo.

Ningepaswa kujihadhari, kwa sababu Kiingereza kilikwisha kunidanganya mara moja. Palikuwa na mlinzi wa bomba la maji pale kambini aliyezoea kuwaambia wamama waliofua nguo bombani: "Fine. Fine." Shuleni tulifundishwa kwamba neno hilo maana yake ni vizuri, kwa hiyo nilipomsikia akimwambia mama yangu, nilicheka kwa furaha, nikamwambia mama kwamba mlinzi anamsifu kwa kufua vizuri. Mama akamwitikia yule mlinzi kwa tabasamu, akaendelea kufua. Alichokuwa anasema mlinzi, kwa neno lilelile, ni kwamba atamtoza faini ya kufulia bombani. Wakachukua beseni letu. Mama hakunipiga. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini: "Ile kizungu yenu, neno moja iko na tumbo ngapi?"

Tuliporudi Bunia tulipata chumba kimoja Nyakasanza. Shuleni nilirudishwa nyuma madarasa kadhaa kwa sababu sikujua Kifaransa, na wenzangu wakaniita Muganda. Lakini mama hakurudi kwa ajili ya chumba wala shule. Alirudi kwa ajili ya shamba. Baba alilinunua kabla ya vita, pembeni mwa mji, mteremko mzuri unaoishia kwenye kijito, udongo mweusi ambao mama alipousimulia kule kambini alisugua vidole kana kwamba bado umemshika. Miaka yote ya kambi nilisikia habari za shamba hilo mpaka nikadhani ni ndugu yetu mwingine.

Aliyekuwa analiangalia tulipokuwa Uganda ni Emile, mdogo wake baba. Mimi nilimwita baba mudogo. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye mashati yaliyopigwa pasi, na alitupokea vizuri kwa kuku na wali. Tulipokuwa tunanawa mikono akamwuliza mama: "Shemeki, munabaki siku ngapi?"

"Tunabaki," mama akasema.

Baba mudogo Emile akacheka, akajaza sahani yangu. Baadaye mama alipomwambia kwamba anataka kulima msimu ule, alitikisa kichwa taratibu kama daktari. "Ngoja kwanza, shemeki. Kule batu ya vita walipita. Haijulikane walizika nini mule chini."

Mabomu hayakuwa hadithi ya kutishia watoto. Nyuma ya soko alikaa fundi viatu kijana aliyepoteza mguu njiani akitoka kutafuta kuni, nami nilipopita pale nilijitahidi nisiangalie, nikaangalia. Kwa hiyo mama alingoja. Mvua za kwanza zikanyesha, wamama wenzake wakaanza kushuka mashambani na mbegu zao vikapuni, na siku moja akaninyooshea jembe dogo akasema twende tukaone tu. Kuona si kukanyaga.

Tulipofika tukakuta kibao. Kilikuwa mbao mbili zilizopigiliwa kwenye mti wa mkalitusi, na rangi nyekundu bado ilinuka, ile harufu kali inayouma macho. Herufi zilikuwa zimechuruzika kama zinatoka damu. Chini yake palichorwa kitu chenye macho mawili ya duara na meno mengi. Leo najua kilikusudiwa kuwa fuvu. Mimi niliona mtu anayecheka.

"Soma," mama akasema. "Weye ulisoma huko."

Palikuwa na maneno mawili tu: DANGER MINE. Nikayasoma kama nilivyofundishwa kambini. "Denja. Main." Nikafika kwenye neno la pili nikagusa kifua.

"Inasema nini?"

Kambini palikuwa na kijana mpiga ngumi aliyejiita Denja, na sikuwahi kulisikia neno hilo kwa maana yake ya hatari. Kwa hiyo nilimweleza mama bila shaka yoyote. "Kuko mutu anaitwa Denja. Anasema hii shamba ni yake. Na ile chini ni sura yake."

Mama akaitazama ile sura kwa muda mrefu. "Huyu simujue," akasema.

Tukarudi nyumbani na majembe yetu. Siku zilizofuata nilimtafuta Denja. Nilimtafuta sokoni, nilimtafuta kanisani wakati wa komunyo watu wanapopita mmoja mmoja na unaweza kuwaona vizuri. Nilitafuta mtu mwenye macho ya duara na meno mengi. Nilikuwa na watu kadhaa niliowashuku, mmoja wao muuza nyama. Usiniulize ningefanya nini kama ningempata. Nadhani ningemwambia shamba ni langu.

Nilipomwuliza mwalimu wangu wa Bunia neno hilo, nikamwandikia ubaoni kama lilivyoandikwa kwenye kibao, alilisoma kwa Kifaransa, likatoka kama "min". Akasema ni mahali pa kuchimba dhahabu. Nikakimbia nyumbani kumwambia mama kwamba shambani kwetu kuna dhahabu. Nilimkuta baba mudogo Emile ameketi kwenye kiti chetu kimoja, akimweleza mama kwamba kibao kimewekwa na watu wa mabomu, na neno lile, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, maana yake ni bomu linalozikwa chini likingoja mguu. Alipoondoka, mama alikaa akitoa magamba ya samaki wa Tchomia, akarudia maneno yote matatu polepole.

"Yangu. Dhahabu. Bomu." Akatupa kichwa cha samaki sufuriani. "Haina tumbo tatu ile neno. Ni tumbo moja. Dhahabu inazaa yangu, na yangu inazaa bomu."

Lakini mimi sikuacha kumwamini Denja. Nilikuwa na sababu. Kila asubuhi nilishuka kijitoni kuteka maji, na kutoka pale chini niliona mbuzi wa baba mudogo Emile wakitoka kwenye shamba letu, matumbo yamejaa, wakitafuna. Hakuna hata mmoja aliyelipuka. Nilimweleza mama jambo hilo kama habari ya kawaida tu, kama mtu anavyosema leo kuna ukungu. Aliacha alichokuwa anafanya. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Sauti yake iliposhuka mpaka kunong'ona, nikajua kuna mtu atapata taabu, nikashukuru kwamba si mimi.

Akaenda kwa shefu wa mtaa. Shefu alikuwa mtu mnene, mpole, asiyeachana na kofia yake ya sufu hata jua likiwaka, na aliogopa kukosana na mtu yeyote. Alisema litazungumzwa palepale shambani, mchana, mbele ya pande mbili. Kwetu ugomvi hauachiwi wenyewe. Tulipofika tulikuta nusu ya mtaa imesimama kando ya njia, wengine na watoto mgongoni, wengine na mahindi ya kuchoma.

Shefu alimwomba baba mudogo aeleze. Akaeleza vizuri. Alisema yeye ndiye mlinzi wa shamba la marehemu kaka yake, na hataki kuona mke wa kaka yake anakatika miguu. Watu waliitikia kwa kichwa. Hata mimi niliona ni maneno mazuri. Kisha shefu akamgeukia mama.

"Mutoto wangu anajua kusoma ile kizungu," mama akasema. "Asome, batu wasikie."

Nikasukumwa mbele. Lilikuwa somo nililolijua. Nikakitazama kibao, nikasema "Denja", nikagusa kifua nikasema "main", kisha nikatafsiri kwa sauti ya shuleni: "Mie naitwa Denja. Hii ni yangu."

Watu wakacheka. Baba mudogo Emile akacheka kuliko wote, akafuta macho kwa kitambaa. "Musikie kizungu ya kambi," akasema. "Ndiyo ile walikuwa wanabafundisha kule, na uji."

Mama hakucheka. Alingoja kicheko kiishe. "Shemeki, bomu iko wapi? Tuonyeshe."

"Iko kote."

"Na mbuzi zako?"

"Mbuzi ni nyepesi. Bomu inangojea mutu."

Shefu akasema ni vizuri kungoja watu wenye mashine za kutafuta mabomu. Wako upande wa mbali, watafika siku moja, na mpaka hapo shamba likae kama lilivyo. Alisema bila kuangalia mtu. Kila aliyekuwapo alijua maana yake. Msimu ungepita, na msimu ukipita wenye shamba hawajalima, wa pili hupita kwa urahisi zaidi, na mwisho watoto wa mlinzi hukua wakisema shamba la baba yetu.

Mama akavua sapatu zake, akanipa. Zilikuwa bado na joto la miguu yake. Akakaza kikwembe kiunoni. "Kaa hapa," akaniambia. "Hata nikikuita, usinifuate."

Akaingia shambani.

Nyasi zilimfika kiunoni. Alitembea bila haraka na bila kunyata, kama anavyotembea mtu anayekwenda kuangalia kama nguo zimekauka. Kila alipoinua mguu nilifumba macho, na kila alipoushusha niliyafumbua. Kulikuwa na mama mmoja nyuma yangu aliyeanza kusali Salamu Maria, akaiacha katikati. Shefu alivua kofia yake. "Mama Afoyo, rudia," akasema, akimwita kwa jina langu ili arudi. "Tafazali. Rudia."

"Utakufa, shemeki," baba mudogo Emile akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayekumbusha.

Mama hakugeuka. Alifika katikati, akaanza kushuka upande wa kijito, ambako nyasi zilisimama kama ukuta. Hapo baba mudogo Emile akaanza kutembea naye sambamba, yeye pembeni mwa shamba, mama ndani. Mara ya kwanza alitembea kwa heshima yake. Kisha akaongeza mwendo. Kisha shati lake lililopigwa pasi likatoka ndani ya suruali, na mama aliponyoosha mikono kuzitenga zile nyasi ndefu, akapaza sauti:

"Si huko. Pita juu. Utakanyaga maharagi yangu."

Nadhani hata yeye alihitaji muda kuyasikia maneno yake mwenyewe. Shefu ndiye aliyeuliza, na kofia bado iko mkononi.

"Maharagi gani, Emile?"

Baba mudogo alifungua mdomo. Kutoka nyuma ya nyasi, mahali ambapo hatukumwona, sauti ya mama ikatufikia, ya kawaida kabisa, ya mtu aliyekuta kitu kizuri.

"Iko na maua tayari."

Sasa mnielewe. Mimi nilikuwa nimemtafuta Denja siku nyingi, nimemtafuta kanisani, nimemtafuta kwa muuza nyama. Moyo wangu ulifunguka kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Nikamnyooshea kidole baba mudogo wangu, nikasema kwa sauti waliyoisikia mpaka barabarani: "Kumbe Denja ni yeye." Nikagusa kifua, ili waelewe. "Denja, main."

Kicheko kilichoanza pale sijui kama kimekwisha. Watu walishikana mabega. Mama aliyeacha sala yake alikaa chini njiani. Watoto walilichukua hapohapo, wakashuka nalo mtaani wakigusa vifua, denja-main, denja-main, na jioni ile nilisikia mwenye duka la pili kutoka kwetu akimwambia mteja aliyetaka kuondoka na mfuko usio wake: "Weye, usinifanyie denja-main." Ndivyo lilivyozaliwa. Halikuzaliwa shimoni.

Na kama mtangazaji yule anataka ushahidi, alisikilize neno lenyewe. Mji huu unasoma Kifaransa. Mtu wa Bunia akiona maneno yale mawili ubaoni atayatamka kwa pua, nusu ya herufi atazimeza. Nani aliyewafundisha wachimbaji wa Mambasa kusema denja, kusema main? Neno lina sauti ya turubai la Uganda. Lina sauti ya mtoto aliyerudishwa nyuma madarasa kwa sababu alijua lugha hiyo badala ya Kifaransa, aliyechekwa mbele ya mtaa mzima kwa kizungu cha kambi. Niliwapigia simu redio nikawaambia hayo. Kijana akanijibu kwa adabu: "Sawa, mama, tutachunguza." Achunguze. Mimi nipo.

Shefu alimkataza mama asilime mpaka wenye mashine waje. "Watanikuta nalima," mama akasema, na kweli walimkuta amekwisha kupanda mahindi mpaka katikati. Walimfokea, wakamtoa, wakapitisha mashine zao mstari kwa mstari siku kadhaa. Zililia mahali pawili. Pa kwanza palitoka jembe bovu lisilo na mpini, na pa pili kifuniko cha sufuria. Mmoja wao alikitazama kibao, akauliza ni nani aliyemchora huyu mtu anayecheka. Vibao vyao, alisema, huchapwa kiwandani, na havichuruziki.

Maharage yalipokomaa, wengine walimshauri mama ayang'oe ayale. Alikataa. "Mwenye alipanda avune," akamtumia ujumbe shemeji yake. "Halafu atoke." Baba mudogo Emile alimtuma mkewe, ambaye alivuna bila kuinua kichwa, na mama akamsaidia kujitwika gunia.

Yeye mwenyewe hakuomba msamaha. Kwenye harusi na kwenye misiba ya ukoo aliendelea kueleza kwamba aliandika kibao kile ili kumlinda mjane dhidi ya wezi, na kadiri miaka ilivyopita, ndivyo simulizi lake lilivyonenepa. Mimi aliniangalia kwa jicho la pembeni mpaka alipokufa. Wapo wa ukoo wanaoniambia marehemu hasemwi. Shamba lilikuwa karibu kumezwa, na aliyetaka kulimeza alikuwa na jina. Kama nitalinyamazia, basi wanaofuata watadhani kibao kilijiandika. Nitamsema.

Jambo moja lilinikaa moyoni miaka mingi, nami sikumwuliza mama mpaka nilipokuwa natayarishwa kwenda Kisangani kusoma. Tulikuwa barazani. Yeye ameketi juu ya kigoda, mimi nimeketi chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake, ananisuka kwa uzi ili nifike mjini kwa watu nikiwa na kichwa cha mtu. Sikuuona uso wake, na nadhani ndiyo sababu niliweza kuuliza.

"Mama, ile siku ya kibao. Ulijua namna gani kama bomu haiko? Ni juu ya mbuzi?"

"Mbuzi ni nyepesi," akasema. "Pale Emile alisema kweli."

"Sasa ulijua namna gani?"

"Sikukuwa najua."

Nilitaka kugeuka, akanishika kichwa, akakirudisha mbele. Alisuka kidogo kabla ya kuendelea. "Niliwaza hivi. Kama iko bomu, nitakufa mule, na watanizika mulemule. Ardhi yenye iko na kaburi ya mutu wako, hakuna mutu anakutosha, hakuna mutu anakufukuza. Baba yako alibaki Uganda. Siye hatukukuwa na kaburi hapa. Ungekuwa na yangu."

Jua lilikuwa linapenya kwenye majani ya migomba ya jirani, kuku wanachakura. Mimi nilikuwa nimeshikwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka, maana mtaa mzima ulimsifu kwa siku ile, na mimi nilimsifu kuliko wote.

"Na mie ungeniacha na nani?"

"Na shamba."

"Shamba haijue kusuka nywele, mama."

Mikono yake ikasimama. Niliisikia imetulia juu ya kichwa changu, mizito, mikavu, yenye harufu ya udongo.

"Ni kweli," akasema mwishoni. "Ile sikuiwaza."

Akachukua uzi mwingine, akaendelea kusuka, akivuta kwa nguvu kuliko mwanzo, nami nikakaza shingo.